Kufa kwa Kutokwa na Damu: Wapi Kudra, na Wapi Uzembe Wetu?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini wa Njombe na Makambako)

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena, wenzetu wa Makambako wakiwa wameikabili baridi hii ya Njombe kuja kuungana nasi. Mada tuliyopewa leo si ya kawaida katika mikutano yetu. Mmezoea kusikia hapa habari za sala, zaka, ndoa na malezi ya watoto. Leo tumetakiwa kuzungumzia mauti yanayosababishwa na kutokwa na damu nyingi. Bila shaka wapo wanaojiuliza moyoni: jambo la waganga na hospitali lina uhusiano gani na msikiti?

Uhusiano wake, ndugu zetu, ni huu: maiti huletwa kwetu. Sisi ndio tunaoosha, tunaokafini, tunaosalia na tunaozika. Akina mama wanaowaosha wenzao waliofariki kwa uzazi wanaujua ule weupe wa viganja na wa midomo. Vijana wanaochimba makaburi wanajua ni mara ngapi wamemchimbia dereva wa bodaboda aliyekuwa mzima asubuhi. Na sote, tukisha kurudisha udongo, tunatamka neno moja: kudra ya Mungu. Hatukatai kudra, kuiamini ni nguzo katika imani yetu. Lakini tunauliza: je, tunayo haki ya kulitamka neno hilo kabla hatujajihesabu sisi wenyewe tulifanya nini wakati mtu yule alipokuwa bado anatokwa na damu mbele ya macho yetu?

DAMU MWILINI INA KIPIMO

Mtu mzima wa umbo la kawaida ana damu ipatayo lita 5 tu. Ni kiasi cha kile kidumu cha mafuta ya kula kinachouzwa madukani. Moyo huizungusha damu hiyohiyo usiku na mchana, ikibeba hewa safi kuipeleka kwenye ubongo na viungo vyote. Ibn al-Nafis, tabibu Mwislamu aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikwisha eleza jinsi damu inavyotoka upande wa kulia wa moyo, ikapita katika mapafu, kisha ikarudi upande wa kushoto. Elimu hii basi si ngeni kwetu, ingawa tumeisahau.

Mtu akipoteza damu isiyozidi robo tatu ya lita, mwili hujikaza na mara nyingi hakuna linaloonekana. Akifikia lita moja au moja na nusu, moyo huenda mbio, mikono na miguu hupoa, hushikwa na kiu na wasiwasi. Akizidi hapo, msukumo wa damu huanguka, naye huanza kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka au kusinzia. Akipita lita 2, mauti yako mlangoni.

Hapa pana kosa kubwa tunalolifanya. Aliyekuwa akilia kwa maumivu akinyamaza, sisi husema, “Sasa ametulia, amepata nafuu.” La hasha! Huyo hakutulia, huyo anaondoka. Majeruhi anayenyamaza, aliyepauka, mwenye jasho la baridi, ndiye anayestahili kukimbiziwa kabla ya yule anayepiga kelele.

Aidha, si damu yote inayomwagika nje. Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja ya damu au zaidi yaweza kujikusanya ndani ya paja lenyewe, na ngozi isichanike. Bandama ikipasuka kwa kugongwa, damu huingia tumboni. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikipasuka, mwanamke huweza kufa kwa damu ambayo hakuna aliyeiona hata tone.

Tena kuna jambo linalotuhusu sana sisi watu wa nyanda za juu. Mwili uliopoteza damu ukipatwa na baridi, damu hushindwa kuganda, na kutokwa huzidi. Mji wetu wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mmoja anaijua baridi ya Juni na Julai. Kwa hiyo blanketi juu ya majeruhi ni sehemu ya tiba, si jambo la heshima tu.

NI WAKATI UNAOUA

Kidonda kikubwa huua, lakini mara nyingi kinachokamilisha kazi ni muda uliopotea. Tuchukue ushahidi wa karibu. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake wapatao 20,000 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, juu ya dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, inayosaidia damu kuganda. Ilionekana kwamba mwanamke anayetokwa na damu baada ya kujifungua akipewa dawa hiyo ndani ya saa 3, uwezekano wa kufa kwa damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Baada ya saa 3 faida haipo tena. Na uchunguzi uliofuata mwaka 2018 ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa hiyo kwa asilimia zipatazo 10.

Ndugu zetu, dakika 15 ni nini kwetu? Ni muda wa kumtafuta mwenye gari. Ni muda wa kubishana nani atalipa mafuta. Ni muda wa kumsubiri mume arudi kutoka shambani ili aseme, “Haya, mpelekeni.”

Wataalamu wanaochunguza vifo vya uzazi hutaja kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kupata tiba baada ya kufika. Tuyaangalie yote matatu, kwani hayawahusu wazazi peke yao, bali kila anayetokwa na damu.

KUCHELEWA KWA KWANZA: NYUMBANI

Karibu na kujifungua, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Mtoto akisha kuzaliwa na kondo la nyuma likatoka, Mwenyezi Mungu amejaalia mfuko ule ujikaze na kuibana mishipa. Ukilegea usijikaze, au kipande cha kondo kikibaki ndani, au njia ikichanika, damu hutoka kama maji ya bomba, na mwanamke aliyekuwa akitabasamu na mwanawe huweza kufa ndani ya saa mbili. Hawezekani kutambuliwa kwa yakini mapema. Humpata hata yule aliyezaa salama mara nne.

Na wengi wao wanafika kwenye uzazi damu ikiwa tayari pungufu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake zaidi ya 4 katika kila 10 wenye umri wa kuzaa nchini wana upungufu wa damu. Mwanamke wa namna hiyo hana akiba; kiasi ambacho mwenzake angekivumilia, yeye hakimbakishi.

Ni nani mwenye dhamana hapa? Ni sisi wanaume, tusisingizie mtu. Katika nyumba zetu nyingi mke hawezi kutoka mpaka mume aseme, na mume akiwa hayupo, mama mkwe naye husema, “Sisi tulizaa hapahapa, mbona hatukufa?” Tunawaambia wazi akina baba waliohudhuria: idhini ya mkeo kwenda hospitali itolewe leo, angali mzima, mbele ya jirani na mbele ya mama yako, ili siku ya siku asiwepo wa kuisubiri. Ambaye hajafanya hivyo asitegemee kuja kulia msikitini.

Tumefundishwa kwamba mwanamke anayefariki kwa uzazi ana daraja ya mashahidi, na kwa maneno hayo tunaifariji familia. Ni kweli, na ni faraja kubwa. Lakini daraja hiyo ni yake yeye marehemu. Haimfuti mtu aliyemchelewesha, wala haimpi msamaha aliyekuwa na gari akaficha ufunguo.

Dalili ni nyepesi kukumbuka. Khanga au pedi ikilowa chapachapa kwa muda mfupi, damu ikitoka kwa mabonge, mzazi akiona kizunguzungu au giza machoni, moyo ukimwenda mbio: hiyo ni dharura. Na mzazi asiharakishwe kurudi nyumbani. Saa 24 za kwanza abaki chini ya uangalizi wa mkunga.

KUCHELEWA KWA PILI: NJIANI

Mkoa wetu una vilima na mabonde. Atokaye vijiji vya Ludewa vilivyo kando ya Ziwa Nyasa, au vya milima ya Makete, anajua maana ya kilometa 30 wakati wa mvua. Hapana shaka hospitali zipo: Kibena, Ilembula, Ikonda, hospitali ya rufaa ya mkoa na nyinginezo. Lakini hospitali haimfuati mgonjwa bondeni.

Serikali ilizindua kitaifa mwaka 2022 mfumo wa dharura uitwao M-Mama, ambapo mtu hupiga namba 115 bila malipo, na mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga hutafutiwa usafiri, hata ikibidi kwa magari ya watu binafsi waliojiandikisha na wanaolipwa kwa safari hiyo. Namba hii iandikwe kwenye ukuta wa kila msikiti. Tusiifanye siri ya wauguzi. Juhudi za namna hii si za bure: tafiti za kitaifa zilikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 katika mwaka 2015–16, na vifo 104 katika mwaka 2022. Yaani vifo ambavyo wazee wetu waliviita kudra, vingi vimeonekana kuzuilika.

Sasa tuje barabarani. Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana na barabara inayoshuka Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Riziki ya mji ule imeletwa na njia hizo, na misiba yake mingi vilevile. Malori hupita usiku na mchana, ukungu hushuka, na bodaboda hujipenyeza katikati. Katika barabara hiyohiyo kuu, pale Changarawe karibu na Mafinga, tarehe 11 Machi 2015 watu zaidi ya 40 walifariki baada ya kontena la lori kuliangukia basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Mbali na ajali kubwa kama hiyo, ziko zile za mtu mmoja mmoja ambazo hazitangazwi. Pia tusiwasahau vijana wetu wanaopasua mbao misituni, ambao msumeno wa mashine ukiteleza hukata paja au mkono, kilometa nyingi kutoka kwenye zahanati.

Je, sisi hufanya nini tukifika kwenye ajali? Wengine hupiga picha kwa simu. Wengine, Mungu atusitiri, hupekua mifuko. Wengi wetu husimama tu na kusema, “Masikini!” Hali mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika chache, na hakuna gari la wagonjwa linaloweza kufika kwa dakika hizo. Daktari wa dakika hizo ni wewe uliyesimama pale.

Tabibu Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, aliandika namna za kuzuia damu ya mshipa uliokatika: kuuchoma kwa chuma cha moto, kuufunga kwa uzi imara, na kuubana kwa bandeji. Mbili za kwanza ni za mganga. Ya tatu ni ya kila mtu. Basi shikeni haya:

Kwanza, jikinge. Vaa glovu, kama huna, funika mkono kwa nailoni. Hii ndiyo kinga ya maradhi, wala kuogopa maradhi kusiwe sababu ya kumwacha mtu afe.

Pili, mlaze chini, weka kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu kwa viganja viwili, uzito wa mwili wako ukiwa juu yake. Usifunuefunue kuchungulia, kandamiza dakika 10 kamili. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza na uzidi kubana. Jeraha likiwa na shimo, shindilia kitambaa ndani yake, kisha kandamiza.

Tatu, ikiwa ni mkono au mguu na damu inaruka wala haizuiliki, funga juu ya jeraha, upande wa moyo, kwa kitambaa kipana au mkanda mpana, ukikaze kwa kukizungusha kwa kijiti mpaka damu isimame. Usitumie waya wala kamba nyembamba. Andika saa uliyofunga, na usilegeze mpaka hospitali.

Nne, kitu kilichochoma na kubaki mwilini usikichomoe. Usipake mafuta ya taa, majivu, udongo, ugoro wala kahawa. Usimpe chakula wala kinywaji. Mfunike asipate baridi.

Tano, safari ianze mara moja. Habari ya fomu ya polisi, PF3, isimcheleweshe: mmoja aende kituoni kuifuata, wengine waende na majeruhi.

KUCHELEWA KWA TATU: KUFIKA NA KUKOSA DAMU

Tuseme sasa nyumbani wameamua upesi, njiani wamekwenda upesi, na mgonjwa yuko kitandani. Mkunga anajua kazi yake. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, kwa wazazi zaidi ya 200,000. Damu ilipopimwa kwa shuka maalumu la plastiki lenye alama badala ya kukisiwa kwa macho, na tiba zote za kwanza zikatolewa kwa pamoja bila kungojana, madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Elimu ipo, tena imethibitishwa katika hospitali zetu wenyewe.

Lakini aliyekwisha poteza lita mbili, dripu ya maji ya chumvi haimtoshi. Maji hayabebi hewa. Anahitaji damu, na damu haitengenezwi katika kiwanda chochote duniani. Haipatikani ila katika mwili wa mtu mwingine.

Tiba hii yenyewe ilitokana na uchungu wa vifo vya wazazi. James Blundell, mkunga-daktari wa London, alihuzunishwa na wanawake waliokufa mikononi mwake baada ya kujifungua. Akaanza majaribio, na mwaka 1829 ikachapishwa habari ya mwanamke aliyeokolewa kwa kuwekewa damu ya mwanadamu mwenzake. Hata hivyo wengine walikufa kwa kuwekewa, na sababu haikujulikana mpaka Karl Landsteiner wa Austria alipotangaza mwaka 1901 kwamba damu za watu zina makundi, na si kila moja hupatana na nyingine. Ndiyo maana hadi leo damu haiwezi kutolewa kwa huyu na kutiwa kwa yule hivi hivi. Lazima ijulikane kundi lake, ipimwe maradhi, ilinganishwe na ya mgonjwa. Yote hayo yataka muda, nao mgonjwa hana muda.

Hii ndiyo nukta tunayotaka mwende nayo nyumbani, hata mkisahau mengine yote: damu inayomwokoa mtu ni ile iliyotolewa kabla hajaumia. Desturi yetu ya kungoja simu ya usiku, “Jamani, njooni mumtolee fulani damu,” ni desturi ya kuchelewa. Jamaa hufika kumi, wawili kundi haliwiani, watatu damu yao pungufu, wengine wamekutwa na maradhi. Na wakati wale waliobaki wanatolewa, mwenyewe amekwisha kata roho.

Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa mwaka 2004 ili kutuondoa katika hali hiyo. Kituo cha kanda yetu kiko Mbeya, safari ya zaidi ya kilometa 150 kutoka Makambako. Kipimo kilichozoeleka duniani ni angalau chupa 10 za damu kwa mwaka kwa kila wakazi 1,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu karibu 890,000 katika Mkoa wa Njombe. Kwa hiyo mkoa huu unahitaji si chini ya chupa 8,900 kila mwaka. Wala haiwezekani kuzikusanya mara moja na kuziweka ghalani kama mahindi, kwani damu yenyewe huhifadhika kwenye baridi takriban siku 35 tu. Wachangiaji wakubwa nchini wamekuwa wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, akiba hushuka. Lakini malori hayafungwi, wala uzazi hauna likizo.

HOFU ZINAZOTUZUIA

Tunajua yanayosemwa vibarazani. Wapo wanaosema damu inauzwa. Habari za mumiani wanaonyonya watu damu zilisikika tangu enzi za ukoloni, na bado zinatembea kwa sura mpya. Dawa yake si kukaa mbali bali kukaribia: anayechangia mara kwa mara ndiye mwenye sauti ya kuuliza damu yake imekwenda wapi, na akisikia mtu ametozwa fedha kwa ajili ya damu, atoe taarifa.

Wengine huhofia kudhoofika. Chupa moja ni nusu lita pungufu kidogo, katika zile lita 5. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe zake kwa majuma machache. Anayeruhusiwa ni mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50 na afya njema. Mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Wengine huuliza juu ya sheria ya dini. Mabaraza ya wanavyuoni wa zama hizi yameruhusu kutoa damu kwa ajili ya kuokoa uhai, bila kuiuza. Na anayehofia funga yake, atoe usiku, au atoe mwishoni mwa Shaabani ili Ramadhani isiikute hospitali tupu.

Lakini hofu iliyo kubwa kuliko zote hapa kwetu haisemwi kwa sauti. Ni hofu ya majibu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakati kwa taifa zima ni asilimia 4.4. Kila chupa hupimwa virusi hivyo, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Basi mtu hujisemea, “Nisijue, niishi na amani yangu.” Ndugu mpendwa, kutojua si amani, ni deni linaloongezeka. Nenda ukapime kwenye kliniki kwa ajili yako mwenyewe. Usiifanye benki ya damu kuwa mahali pa kujijaribu, kwani maambukizi mapya sana yaweza kupita bila kuonekana kwenye kipimo na kumdhuru mpokeaji. Ukikutwa nayo, dawa zipo na utaishi. Hutachangia damu, lakini utakuwa na kazi nyingine katika safu hii: gari lako, mafuta yako, kukaa na mgonjwa. Na jamaa akionekana hakutoa damu, mtu asimnyooshee kidole. Sababu za kutotoa ni nyingi, na kupekua siri za watu si katika adabu zetu.

TUAZIMIE

Ndugu wapenzi, mnaifahamu katika Suratul Maida aya inayopandisha thamani ya kuiokoa nafsi moja. Mara nyingi tumeihutubia kama sifa ya dini yetu mbele ya wengine. Lakini nani katika sisi ameitenda?

Tunapendekeza mambo manne, wala hayahitaji mfadhili. Kila msikiti uwe na daftari la wachangiaji, lenye jina, kundi la damu na tarehe ya kuchangia tena, na liwekwe kwa siri na mtu mwaminifu. Jamaa ya watu 100 ikipata 30 wanaofaa, kila mmoja akitoa mara mbili, ni chupa 60 kwa mwaka. Pili, kila familia yenye mjamzito itaje mapema gari, dereva na watu wawili wa kufuatana naye. Tatu, vijana wa bodaboda na wa mbao wakusanywe, waombewe muuguzi awafundishe kuzuia damu kwa vitendo, na kila mmoja atembee na kitambaa safi na glovu. Nne, akina mama wahimizwe kuhudhuria kliniki mapema na kumeza vidonge vya kuongeza damu mpaka mwisho, si kuviweka kabatini.

Tukishatimiza hayo, kisha mtu akafa mikononi mwetu, hapo ndipo tutakapoinamisha vichwa na kusema kudra, na neno hilo litakuwa kweli vinywani mwetu. Kabla ya hapo, tujihadhari tusije tukamsingizia Mwenyezi Mungu uzembe ambao ni wetu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia kwa misiba hii, awape subira yatima na wajane waliowaacha, na atujaalie damu zetu ziwe sababu ya uhai wa wenzetu. Amin.

Assalaamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.